Mmoja kasema aleji, mwingine kasema sainasi: mimi na belo langu nimsikilize nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nakaa Mbagala, Dar es Salaam. Nauza mitumba. Siuzi nguo, nauza mashuka, mapazia na mablanketi, kazi niliyoianza mwaka 2016 kwa mtaji wa laki moja na nusu niliyokopa kwa dada yangu. Jina langu naomba usiliandike, baadhi ya wateja wangu wanakusoma.

Shida yangu ni pua. Usicheke, maana kila ninayemwambia anacheka kwanza.

Ilianza taratibu. Chafya za asubuhi, saba, nane mfululizo, mpaka mume wangu akawa anazihesabu kwa utani: "Leo tisa, umevunja rekodi." Macho yanawasha, pua inachuruzika maji. Nikasema mafua tu. Mafua yakaisha, yakarudi, yakaisha, yakarudi, mwisho yakagoma kuisha. Sasa ni mwezi wa saba. Pua imeziba, leo kushoto, kesho kulia, kamasi nzito inashukia kooni, usiku nakohoa, na hapa chini ya macho uso ni mzito kama nimebebeshwa mfuko wa mchanga. Nalala mdomo wazi. Mume wangu amehamia chumba cha watoto, anasema nanguruma kuliko bajaji.

Siku ya kufungua belo ndiyo mbaya zaidi. Ukikata zile kamba mzigo unajiinua wenyewe kama donge la maandazi. Zamani ilikuwepo na ile harufu yake, kila mfanyabiashara wa mitumba anaijua. Sasa siisikii. Jua likipenya kwenye tundu la bati naona vumbi linacheza, jeupe, laini. Nikifika blanketi la tatu macho yameshakuwa mekundu.

Kilichonitisha hasa ni maharage. Mwezi uliopita nilibandika sufuria, nikakaa pale pale jikoni nakunja mashuka ya kupeleka sokoni kesho yake. Binti yangu wa darasa la tatu akaingia kutoka nje ameziba pua: "Mama, yanaungua!" Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye sufuria yenyewe, Shangazi. Sikusikia kitu.

Maduka ya dawa nimeyamaliza. Amoksilini nimemeza mara nne kama si tano, kila nikimaliza dozi napata nafuu siku chache halafu yale yale. Kuna matone muuzaji mmoja alinipa, ukidondosha pua inafunguka papo hapo. Huu mwezi wa nne nayatumia, na bila hayo silali. Nimejifukiza mkaratusi na mchaichai mpaka ngozi ya uso ikababuka.

Nimeona madaktari wawili. Wa kwanza, wa zahanati, aliniuliza kazi yangu, nikamtajia, hata sijamaliza akasema, "Hiyo aleji, achana na mitumba." Akaniuliza kama nina aleji ya kitu chochote, nikamwambia sina, maana nakula kamba, pweza, karanga, mayai, sijawahi kuvimba hata mdomo. Akanipa vidonge vya kumeza usiku. Chafya zikapungua, pua ikabaki imeziba. Wa pili, hospitali ya binafsi, akanipiga picha ya CT. Akasema hiyo ni sainasi, zimejaa pande zote, na kuna vinyama vidogo vimeanza kuota puani, dawa yake ni upasuaji. Bei aliyonitajia inakaribia mchezo wangu wote, na mchezo napokea mwezi ujao. Pesa hiyo nilishaipangia fremu, niache kutandika chini.

Mama mkwe anasema nikakate kimeo. Wifi anasema anamjua mtu aliyepasuliwa vinyama vikaota tena. Mume wangu hasemi mengi, ila juzi alisema, "Ukiacha belo, ada tutalipa na nini?" Hakusema kwa ubaya.

Naomba uniambie jambo moja tu: ni aleji au ni sainasi? Kama ni aleji niache biashara. Kama ni sainasi nikubali kisu.

Mama Mashuka

—

Marahaba, mwanangu. Sikucheka. Hapo kwenye maharage niliweka barua chini kidogo.

Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi miaka mingi, sehemu kubwa kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kwa hiyo nitakujibu kama shangazi na, pale nitakaposhindwa kujizuia, kama nesi. Daktari wako sitakuwa, sijakuchungulia puani.

Umeniletea mizigo mitatu umeifunga kamba moja. Pua iliyoziba miezi saba mpaka harufu imepotea. Pesa ya mchezo inayogombewa na fremu na hospitali. Na madaktari wawili unaodhani wanapingana, ukawa unasubiri mshindi ili ujue uache kazi au upasuliwe. Nianze na huo wa tatu, maana ndio unaoibana mingine. Umeuliza ni aleji "au" ni sainasi. Hiyo "au" imetoka wapi?

Sainasi kwanza si jina la ugonjwa. Ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, sote tunavyo, jozi 4: mashavuni, juu ya nyusi, katikati ya macho, na vingine nyuma kabisa. Kila chumba kina kitundu chembamba cha kutolea ute kwenda puani, na ukuta wake umeota vinyweleo visivyoonekana kwa macho ambavyo kazi yao ni kufagia ute huo mchana na usiku. Vile vya mashavuni vina balaa lake: kitundu kiko juu ukutani, si sakafuni, hivyo fagio linapandisha mlima. Ukuta ukivimba hata kidogo kitundu kinaziba, ute unalala ndani, unakuwa mzito, vijidudu vinapata makazi. Uvimbe huo ukidumu wiki 12 au zaidi, pamoja na pua kuziba au kamasi, uso kuuma au harufu kupotea, ndipo madaktari wanaanza kuzungumza sainasi sugu, na huithibitisha kwa kuchungulia na kamera au kwa picha. Miezi saba yako imepita hapo zamani.

Sasa ukuta umevimbishwa na nini? Aleji, au mzio tukitaka Kiswahili chake, ni mwili kuona kitu kisicho na dhara ukakipigia yowe kama mwizi. Mtu mwenye mzio ana kingamwili za aina iitwayo IgE zilizotegwa kwenye ngozi laini ya pua. Kitu chake kikiingia, dakika chache tu kemikali iitwayo histamini inamwagwa: chafya, muwasho, maji. Hiyo ndiyo sehemu unayoiona. Saa kadhaa baadaye linakuja kundi la pili la chembe za damu, kimya kimya, bila chafya, na hilo ndilo linalovimbisha na kuziba. Mtu anayekutana na kitu chake kila siku, ukuta wake haupati nafasi ya kutulia. Ona sasa vidonge vyako vya usiku vilivyofanya: chafya zilipungua, kuziba kukabaki. Havikukudanganya. Vilizuia histamini, na huo uvimbe mwingine si kazi yao.

Kwa hiyo inawezekana kabisa daktari wa kwanza alikuwa anaangalia mlangoni na wa pili anaangalia vyumbani, nyumba ikiwa ile ile moja.

Nimesema inawezekana. Wapo watu wanaopiga chafya miaka arobaini na sainasi zao ni safi kwenye picha. Wapo wenye sainasi sugu, na vinyama juu yake, ambao ukiwapima mzio hukuti kitu. Wataalamu wenyewe bado wanabishana mzio unachangia kiasi gani na kwa nani. Ndiyo maana daktari aliyesikia neno "mitumba" akakata shauri, huenda yuko sahihi, ila hakupima.

Na hapo kwenye kamba na pweza, wengi wanajikwaa. Wanadhani aleji ni ya chakula. Mwingereza mmoja, Charles Blackley, daktari wa Manchester, alijipima mwenyewe kwa kujiwekea chavua za nyasi, akaandika matokeo mwaka 1873, kabla hata neno aleji halijabuniwa. Yake ilikuwa ya hewani. Unaweza kula pwani nzima ukashindwa na mto wa kulalia.

Mto huo niuseme kidogo. Ulinieleza belo vizuri nikaliona. Lakini soma barua yako tena, chafya zako zilianza asubuhi. Asubuhi hujafungua belo, uko kitandani. Mzio wa pua hupenda kuchachamaa asubuhi hata hivyo, lakini kuna mdudu anaitwa utitiri wa vumbi, mdogo hata humwoni, anakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka, na anapenda joto na unyevunyevu. Dar es Salaam kwake ni peponi. Anakaa kwenye godoro, mto, blanketi, zulia. Kinachosumbua hasa ni kinyesi chake kikipeperuka. Mende nao wamo kwenye orodha hii, na paka, na ukungu wa ukutani msimu wa masika. Halafu ulikuwa unakunja mashuka ya sokoni jikoni kwako. Mzigo unalala wapi, mwanangu? Kama mabelo yako chini ya kitanda unacholalia, basi swali la "niache biashara" limekuja mapema mno. Huenda linalotangulia ni biashara itoke chumbani.

Mzio hupimwa. Wanadondosha matone ya vitu mbalimbali mkononi, wanachoma kidogo kila tone, na ndani ya dakika 15 hadi 20 unaona kipi kimevimba. Hospitali kubwa za rufaa uliza kitengo cha masikio, pua na koo wakuelekeze kipimo hicho kinakofanyika, au kama wana kile cha damu. Waambie mapema kuhusu vile vidonge vya usiku, maana vinaficha majibu na huachwa siku kadhaa kabla.

Twende kwenye kisu. Upasuaji wa siku hizi hupita puani na kamera nyembamba, wanapanua vile vitundu, wanatoa vinyama. Kwa mtu ambaye dawa zimeshindwa unaweza kumrudishia usingizi, na wengine hata harufu. Nimewaona wakilia kwa kusikia harufu ya kahawa. Lakini hautoi mzio mwilini. Wifi yako hakutunga, vinyama huweza kuota tena, na wanaoacha dawa baada ya upasuaji ndio hasa hurudi kliniki. Jirani za sainasi ni jicho na ubongo, hivyo madhara makubwa ni nadra lakini yapo, na una haki ya kumuuliza daktari amefanya ngapi.

Kilichonishangaza ni kitu kisichokuwepo. Barua nzima sijaona dawa ya kupuliza puani, ile ya steroidi inayoshusha uvimbe, wala maji ya chumvi. Kwa kawaida hizo ndizo hutangulia, kwa wiki nyingi, kabla kisu hakijatajwa. Labda ulipewa hukuandika. Labda jina steroidi lilikutisha. Ile ya puani ni kiasi kidogo na kidogo sana huingia mwilini. Tatizo lake ni uvumilivu: haifungui pua papo hapo, inataka siku, pengine wiki, kila siku bila kuruka. Na watu wengi hupuliza vibaya. Inamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, wa kushoto tundu la kulia, uelekeze pembeni kama unalenga sikio. Ukilenga ukuta wa katikati utatoka damu kisha utailaumu dawa. Maji ya chumvi ni nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto, kwenye kikombe cha mililita 240, unaosha upande mmoja yanatokea wa pili. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Hapa sitanii: ya bomba au kisima yasiyochemshwa yanaweza kuwa na amiba ambaye ukimnywa hana neno, ila akipitia puani anapanda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini anaua.

Yale matone yako, soma chupa. Kama imeandikwa xylometazoline au oxymetazoline, hiyo ni dawa ya siku tatu, tano zikizidi. Miezi minne inaigeuza: pua inaziba kwa sababu ya matone, unadondosha tena ili izibuke. Sehemu ya kuziba kwako inaweza kuwa ndiyo hiyo, na CT haitakuambia. Kuiacha ni siku ngumu kadhaa, wengine huanzishiwa kwanza ile ya kupuliza ndipo wakaacha tundu moja moja. Mwambie daktari ukweli, asijue kwa kubahatisha. Amoksilini nayo haipunguzi uvimbe wa mzio, na mara tano bila mtu kukuchunguza ni nyingi. Kimeo hakihusiki kabisa, kukikata mtaani ni kutafuta damu na maambukizi. Mama mkwe mpokee kwa heshima, ushauri wake uuache hapo alipouweka.

Kifua je? Usiku unakohoa. Huenda ni kamasi inayoshuka, lakini pua na mapafu ni njia moja, na mwenye vinyama anaweza kuwa na pumu asiijue. Ukisikia mluzi kifuani, au ukibanwa baada ya kumeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni, hilo lisikae moyoni mwako, daktari alijue kabla ya mengine yote.

Nalo fungu la pesa, ngoja nikuulize ambalo ningemuuliza binti yangu. Nani alisema lazima uamue mwezi ujao? Mchezo ndio una tarehe. Pua, kwa ulivyoieleza, haina. Ingekuwa nayo kama jicho lingevimba au ukaona vitu viwili viwili, kichwa kikauma vibaya na shingo ikakakamaa, au homa kali na kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Damu au kamasi ya harufu mbaya upande mmoja tu nayo haifai kusubirishwa. Kama huna hayo, unaweza kurudi kwa yule wa pili na swali moja: "Nikitumia dawa ya kupuliza na maji ya chumvi kwa wiki 12, nikapimwa mzio, nikaacha matone, ni kitu gani kitaharibika?" Jibu lake litakuambia mengi kuhusu upasuaji, na kuhusu yeye. Inawezekana akakupa sababu nzuri ya kutosubiri. Isikilize.

Kuacha belo nako kuna bei, na mume wako ameshaitaja. Unaweza kuacha, ukakosa ada, na pua ikabaki vile vile kwa sababu mchawi alikuwa godoro. Unaweza pia kubaki, ukajikinga nusu nusu, ukaharibikiwa zaidi. Katikati hapo kuna njia ambazo wenzako wanazo: kufungulia nje upepo ukiwa mgongoni, barakoa ngumu inayoshika uso badala ya kitambaa (ni joto, najua), kumlipa kijana akung'ute wewe ukiwa mbali, kubadili nguo kabla ya kuingia chumbani, mashuka yenu kufuliwa kwa maji ya moto kila wiki na godoro kuanikwa juani. Au kuacha mablanketi ukabaki na mapazia mepesi. Kila moja inakula faida kidogo. Wewe ndiye unayejua faida yako ina nyama kiasi gani. Fremu nayo iangalie kwa jicho hilo: isiyo na dirisha, imejaa blanketi hadi darini, utaishi ndani yake saa kumi kwa siku.

Na kama unapikia gesi, wakati huu usitegemee pua yako. Binti yako ndiye pua ya nyumba kwa sasa.

Mume wako nimempenda. Ni mtu wa hesabu. Mpe daftari, azihesabu tena zile chafya, safari hii kwa kuandika: asubuhi ya siku za belo, asubuhi za Jumapili, na usiku mmoja mkilala kwa ndugu ambako hakuna mzigo ndani. Wiki tatu zitatosha. Nendeni nalo kliniki wote wawili, yeye alishike.